Nani Atabeba Begi Langu?

Sheria ya likizo ya Sweden ni karimu: siku 25 kwa mwaka, na haki ya kuchukua wiki nne mfululizo kati ya Juni na Agosti. Ila Himalaya haiitambui sheria hiyo. Miezi hiyo ndiyo ya mvua za monsuni huko Nepal. Mawingu yanafunika vilele, njia za mabondeni zinajaa ruba, na ndege ndogo za kwenda Lukla, mlango wa bonde la Everest, zinashinda chini zikisubiri mwanya wa anga. Wakati wa kwenda ni Oktoba na Novemba, mvua ikishaosha vumbi hewani, au Machi hadi Mei kabla haijaanza. Na Oktoba ndipo miezi ya mafua inapobisha hodi katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Upplands Väsby, ratiba ya zamu ikibana hadi mtu anaogopa kuomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno, sembuse ya kwenda Nepal.

Mji wetu uko kaskazini mwa Stockholm, kama nusu saa kwa treni ya abiria. Ukipanda ile ya Uppsala, kituo kinachofuata baada ya hapa ni Uwanja wa Ndege wa Arlanda. Dunia ikiujua mji huu, basi ni kwa sababu ya bendi ya Europe, vijana wa hapa waliotamba mwaka 1986 na The Final Countdown. Milima hakuna. Kuna misonobari, maziwa, mashamba, na vilima ambavyo kwetu Marangu, chini ya Kilimanjaro, visingepewa hata jina. Mlima mrefu kuliko yote Sweden nzima, Kebnekaise, uko mbali Lapland na haufiki mita 2,100. Hata wenyewe una vilele viwili vinavyogombea ukubwa: barafu ya kilele cha kusini imeyeyuka kiasi kwamba tangu 2019 kile cha kaskazini ndicho kinachoongoza. Kwa mgeni wa Kilimanjaro, mita 2,100 ni mahali ambapo bado yuko msituni akiwapiga picha mbega.

Wazo la safari ya Nepal si langu. Ni la mwenzangu wa kazini, mama wa makamo mzaliwa wa Norrland, ambaye amelala kwenye mahema maisha yake yote na anaona kwamba mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro bila kuupanda ana deni. Tulianza kukutana maktaba ya Messingen, pale jirani na kituo cha treni, tukitandaza ramani mezani. Kwanza tulijaribu kuikubali likizo ya kiangazi kama ilivyo. Kuna Ladakh, upande wa India, iliyo nyuma ya milima inayozuia mvua, na huko msimu wa kutembea ni huo huo wa Juni hadi Septemba. Ilituvutia. Lakini mji wa Leh uko kwenye mita 3,500 hivi, na wengi wanafika kwa ndege kutoka Delhi: asubuhi uko bondeni kwenye joto, kabla ya chakula cha mchana uko kwenye kimo cha Horombo, kambi ya Kilimanjaro, kasoro kidogo, bila mwili kuulizwa. Tungelazimika kuzimaliza siku za mwanzo kitandani tukinywa chai. Tukarudi Khumbu, bonde la Everest, ambako unapanda kwa miguu kijiji hadi kijiji. Oktoba tukainunua kwa wenzetu: mimi nitafanya zamu za Krismasi na mwaka mpya, yeye atafanya Midsommar, ile sikukuu ya katikati ya kiangazi ambayo Mswidi kuikosa ni kama msiba.

Ndipo nikampigia kaka yangu Marangu.

Kwetu mlima ni ajira. Mtu akisema yuko mlimani, hamaanishi anatembea, anamaanisha yuko kazini, na mkewe anajua atarudi siku gani na takriban na shilingi ngapi. Kaka alianza kusimama getini alfajiri akiwa kijana mbichi aliyetoka shule, akisubiri kiongozi wa msafara amnyooshee kidole. Amebeba mahema, mitungi ya gesi, trei za mayai, viti vya kukunja na choo cha plastiki cha wageni. Koti lake la kwanza la baridi aliachiwa na mgeni, na kwenye zipu ilikuwa bado inaning'inia tiketi ya lifti ya kuteleza kwenye theluji, ya huko huko Ulaya. Hakuitoa. Siku hizi ni msaidizi wa kiongozi, anatembea na begi dogo, ila shingo yake asubuhi inageuka kwa shida.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Nasikia unaenda kupanda mlima wa watu na wa kwenu hujaupanda."

Tukacheka. Kisha akauliza maswali mawili, na hayo ndiyo yaliyoendesha maandalizi yote kuanzia siku ile: siku ngapi, na nani atabeba begi lako.

La siku lilitugombanisha kidogo. Njia ya Marangu, ile ya vibanda, wageni wengi wanaipanda kwa siku 5 kwenda na kurudi. Geti liko chini kidogo ya mita 1,900, unalala Mandara kwenye 2,720, kesho yake Horombo 3,720, kesho yake Kibo kwenye 4,700 na ushee, na usiku huo huo unaamshwa kwenda Uhuru, 5,895. Nilipomtajia ratiba ya Khumbu alidhani nimetapeliwa. Siku 8 za kupanda ili ufike kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, chini ya Uhuru kwa zaidi ya mita 500? Kupanda na kushuka siku 12? "Hao wanakula siku zako," akasema.

Nikamtumia kanuni ambayo madaktari wa milimani wanaifuata: ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku moja, na kila baada ya siku 3 au 4 lala tena hapo hapo ulipolala jana. Ukiipima njia ya Khumbu kwa kanuni hiyo utaona imeshonwa vizuri, ingawa hapa na pale inazidi kidogo. Unatua Lukla kwenye mita 2,860, unateremka kulala Phakding 2,610, unapanda Namche Bazaar 3,440, na kwa kuwa hiyo ni hatua ndefu unakaa Namche usiku wa pili. Tengboche ni 3,860. Dingboche 4,410, tena usiku mbili. Lobuche 4,940. Gorak Shep 5,164, na kutoka hapo ndipo unakwenda kuigusa kambi na kurudi. Ukiipima Marangu kwa kanuni hiyo hiyo, kutoka Horombo kwenda Kibo peke yake ni mita 1,000 kwa siku.

Kaka alikaa kimya, halafu akakubali kwa namna yake. Alisema anajua. Wageni wa siku 5 ndio wanaotapika Kibo, ndio wanaoulizwa jina lao wakajibu la mama yao, na ndio anaowashika kwapa usiku wa manane kuwateremsha. Wakiongeza usiku mmoja Horombo mambo yanabadilika, lakini usiku huo una ada ya hifadhi, una mshahara wa timu nzima, na mgeni analinganisha bei kwenye simu yake akiwa Ulaya. "Siku ndiyo dawa," akasema, "lakini ndiyo wanayoikata kwanza."

Kwenye kambi ya Everest hewa unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Wasweden wenzangu kazini wanaamini kwamba mimi, kwa kuwa ni Mchagga, nina mapafu ya ziada. Sina. Tunalala kwenye mita 1,500 hivi, na mlima tuliuangalia tu. Wenye damu ya peke yake ni Washerpa na Watibeti, ambao maelfu ya miaka ya kuishi juu imewaachia aina ya jeni iitwayo EPAS1. Inazuia damu yao isiwe nzito kupita kiasi pale oksijeni inapopungua. Mimi nitahitaji siku zile zile anazohitaji bibi wa Norrland, na pengine vidonge vile vile vya asetazolamaidi, maarufu kama Diamox, miligramu 125 asubuhi na jioni. Hapa Sweden havipatikani bila cheti cha daktari, vinakufanya uende haja ndogo kila saa, na vidole vinawasha kama vimekaliwa.

Jambo moja la kitabibu lazima niliseme kwa urefu kidogo, maana vitabu vya safari vimeandikwa na watu ambao haliwahusu. Ni selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe hana haja ya kuambiwa asiende. Lakini wapo wengi kwetu, hasa watu wa pwani na wa Kanda ya Ziwa, waliorithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu. Hawaumwi, wengine hawajui kabisa kwamba wanacho. Huko juu, oksijeni ikipungua, baadhi yao wamepata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, wengu ukiwa umekosa damu, na hilo linahitaji kuteremshwa haraka na hospitali. Mama yangu ni mtu wa Ukerewe. Kwa hiyo nilipokwenda kituo cha afya kuomba cheti cha Diamox, niliomba na kipimo hicho. Daktari aliniuliza sababu, nikamweleza, akaandika. Majibu yalikuja safi. Mwafrika Mashariki yeyote anayepanga kulala juu ya mita 4,000, iwe Kilimanjaro iwe Nepal, na asiyejua hali yake, naona hiki kipimo kije kabla ya viatu.

Sasa begi.

Kilimanjaro ni ghali kuliko Khumbu, na wageni huuliza kwa nini. Sababu kubwa ni kwamba, ukiacha vibanda vya Marangu, mgeni wa Kilimanjaro anapandishiwa nyumba nzima: hema la kulala, hema la kulia, jiko, chakula cha juma zima, na kwenye kambi kavu kama Barafu hata maji. Ndiyo maana mgeni mmoja anaweza kuwa na wapagazi 3 au 4 nyuma yake. Khumbu kuna nyumba za wageni kila kijiji. Unakuta kitanda, dengu na wali, na jiko la chuma katikati ya sebule linalowashwa kwa samadi iliyokaushwa ya yaki. Kinachobebwa ni begi lako tu, na wageni wawili hushirikiana mpagazi mmoja.

Hapo ndipo kaka alipoamka. Kilo ngapi?

Kikomo kinachokubalika Kilimanjaro ni kilo 20 kwa mpagazi, na mizani ipo getini. Kuna shirika la wapagazi mjini Moshi, KPAP, linalofuatilia mishahara na mizigo na kuazimisha nguo za baridi bure. Nepal, hata shirika la kimataifa la kuwalinda wapagazi, IPPG, limeweka kikomo cha kilo 30. Peru na Pakistan ni 25. Kaka hakuamini. Mlima ni mlima, mgongo ni mgongo, hizi kilo 10 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye desturi. Huko mzigo unafungwa kwa kamba pana inayopita utosini, namlo, na wanaobeba mizigo ya biashara, mbao na mabati na katoni za bia, wanabeba zaidi ya hapo sana. Thelathini imewekwa kama kiwango cha huruma. Shirika hilo lenyewe lilizaliwa mwaka 1997 baada ya kijana mmoja Mnepali kuugua juu akiwa amebeba mizigo ya watalii. Alilipwa chake, akaambiwa ateremke peke yake, akafa.

Mimi kazini kwangu nimekatazwa kumnyanyua mzee peke yangu. Kuna mashine ya kunyanyulia inayoning'inia darini, na tunatakiwa tuwe wawili, na nikikiuka na mgongo ukauma nitaulizwa maswali. Mzee mwenyewe ana kilo 55 na ninamnyanyua kwa nukta chache. Nilimweleza kaka hayo, akacheka hadi simu ikakatika.

Ukifikiria, wapagazi wengi wa Khumbu hata si Washerpa. Ni Warai, Watamang na Wamagar kutoka vilima vya chini, vijana wa mashamba ya mpunga na ulezi, wasiozaliwa juu na mara nyingi wasio na koti. Wanaugua kama sisi, wakiwa na kilo 30 kichwani. Ni yale yale ya kwetu, kijana wa tambarare anayefika getini na raba za kuazima.

Kwa hiyo nilizigeuza barua zangu. Watu huandikia kampuni za Kathmandu wakiuliza bei, na bei wanapewa. Mimi niliandika kwanza habari ya mpagazi: atabeba kilo ngapi jumla pamoja na vyake, atalala wapi kule Gorak Shep nyumba zikijaa, nani anakagua viatu vyake, bima yake inalipa helikopta au inalipa mazishi tu, na akiumwa atateremshwa na nani. Kampuni moja ilinijibu kwa kunipunguzia bei. Nyingine ilinitumia picha ya machweo. Ya tatu, ndogo, mwenye nayo aliwahi kuwa mpagazi, ilijibu swali kwa swali: kilo 25 jumla kwa wageni wawili, bima na namba yake, na kwamba mpagazi akiumwa anateremshwa na msaidizi, hateremki peke yake hata kama ni hatua mia. Bei yake ilikuwa juu. Mwenzangu alitaka tujadiliane, maana Wasweden nao wanajua kubana. Nikamwambia nikipunguza dola 100 hapo najua zitatoka kwa nani.

Kuchukua mwongozaji kwenyewe hakukuwa na mjadala. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 Bodi ya Utalii ya Nepal imeagiza wageni wasitembee kwenye njia nyingi za milimani bila mwongozaji mwenye leseni. Khumbu wenyewe, kwa jinsi serikali yao ya mtaa inavyopenda kujiendeshea mambo, hawakulishikia bango agizo hilo. Wapo wanaokwenda peke yao, na njia inaonekana wazi. Lakini mimi nimelelewa na watu wanaojua kumtazama mgeni usoni na kuona kwamba leo jioni atakuwa mgonjwa. Hicho ndicho ninachokinunua.

Katika majira yale mwenzangu aliniletea kitabu cha mtu wao, Göran Kropp. Oktoba 1995 aliondoka Stockholm kwa baiskeli akiwa na mzigo wa zaidi ya kilo 100, akakanyaga hadi Nepal, akajibebea kila kitu hadi kambini, hakutaka mpagazi wala oksijeni ya mtungi. Mei 3, 1996 aligeuza akiwa amebakiza kama mita 100 tu kufika kilele cha Everest, kwa sababu saa zilikuwa zimekwenda. Siku chache baadaye dhoruba iliwaua watu 8 mlimani hapo. Mei 23 akapanda tena, akafika. Kisha akarudi, sehemu ya njia kwa baiskeli yake. Mwaka 2002 alikufa akikwea mwamba huko Marekani. Nilimsimulia kaka kwa hamasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shujaa. Lakini huyo, wakija kumi kama yeye, tutakula nini?"

Hakukosea, ingawa kugeuka mita 100 kabla ya kilele ni jambo ambalo ningependa kila mgeni wa kaka alisome.

Na watu wetu wamefika kule. Wilfred Moshi, mwongozaji wa Kilimanjaro, alikuwa Mtanzania wa kwanza kusimama juu ya Everest, Mei 2012. Rawan Dakik alifika 2021 akiwa na miaka 20. Mkenya James Kagambi alifika 2022, mwalimu mstaafu wa miaka 62. Na Mei 2024 Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki kutoka Kenya, alifia karibu na kilele akijaribu kupanda bila oksijeni ya mtungi. Afrika Mashariki ilimlilia, na ilistahili. Aliyekuwa naye, mwongozaji wake Nawang Sherpa, alikufa pia. Nilisoma habari nyingi za siku zile nikimtafuta Nawang, na mara nyingi nilimkuta aya za chini, kwa jina moja na umri haupo.

Majina haya yasiyotajwa yalinifuata hata mazoezini. Njia yangu ya Jumapili inapita Ed, karibu na kanisa la kale na ziwa Edssjön, na njiani kuna jabali lenye maandishi ya runi ya karne ya 11 pande mbili. Ragnvald ndiye aliyeagiza yachongwe. Upande mmoja anamkumbuka mama yake, Fastvi. Upande wa pili anajitaja: alikuwa Ugiriki, yaani kwa mfalme wa Bizanti, na alikuwa kiongozi wa kikosi. Kutoka hapa hadi Konstantinopoli kwa mito ya Ulaya Mashariki ni mwendo wa kuvuta mashua nchi kavu kutoka mto hadi mto. Waliovuta hawamo jabalini. Kwetu Marangu tuna Yohani Kinyala Lauwo, ambaye wazee wanasema ndiye aliyemwonyesha njia Hans Meyer mwaka 1889, na wasomi wa Ulaya wanabishana hadi leo kama kweli alikuwepo. Kama Meyer alikuwepo hawabishani.

Mazoezi yenyewe hayana mengi ya kusimulia. Kimo hakinunuliki hapa, ila baridi ni bure. Mwanzoni mwa Januari jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na alasiri saa tisa limeshazama, na kuzunguka ziwa Fysingen kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri kulinifundisha kuhusu glovu kuliko duka lolote. Miinuko tumeitafuta kwenye ngazi za jengo ninamoishi, ghorofa 8, mgongoni katoni za maziwa zilizojazwa maji, tukipanda na kushuka hadi mzee wa ghorofa ya tano akafungua mlango kuuliza kama lifti imeharibika. Kuna pia kilima cha kuteleza cha Väsjöbacken, Sollentuna, ambacho kiangazi hakina mtu. Vifaa tumevipata mitumba, na vya kujaribia tumeazima Fritidsbanken, zile maktaba za vifaa vya michezo zilizoanzia Deje huko Värmland mwaka 2013, ambako unaazima viatu vya theluji bila kulipa hata senti. Ila wanataka virudi baada ya siku 14, kwa hiyo Nepal haviendi.

Karatasi zilikuwa rahisi kwangu. Pasi ya Tanzania inapata viza ya Nepal pale pale uwanjani Kathmandu, dola 50 kwa siku 30. Jirani yangu Msomali, aliyetaka kuwa wa tatu wetu na ambaye uraia wake wa Sweden bado uko kwenye foleni, yumo kwenye orodha ya wasiopewa uwanjani, pamoja na Waethiopia, Wanigeria na wengine. Anatakiwa aombe ubalozini kabla. Alihesabu miezi, akasema atatusindikiza hadi Märsta. Märsta, kwa sababu wenyeji tunajua kwamba ukishuka treni chini ya Arlanda unatozwa ada ya kituo, na ukipita Märsta ukachukua basi la 583 hutozwi.

Bima ilinila wiki nzima. Bima ya nyumba hapa Sweden kwa kawaida inabeba na safari ya siku 45, na watu huishia hapo. Nilipiga simu kuuliza kuhusu kutembea juu ya mita 5,000 na helikopta ya kuokoa, nikalazimika kununua nyongeza. Helikopta nayo ina hadithi: mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa watu waliokuwa wakiwashawishi wageni wenye kichwa kuuma kidogo wapande helikopta, kisha wakigawana malipo ya bima. Nimemuuliza mwongozaji wetu waziwazi nani anaamua kuita helikopta. Akajibu: mgonjwa, mimi na daktari wa Pheriche, kama anaweza kufikika. Pheriche kuna kliniki ya milimani ya Himalayan Rescue Association.

Mwisho nikaongeza siku mbili za akiba. Uwanja wa Lukla una njia ya kurukia ya mita 527 tu, imeinama kama paa, mlima mbele na korongo nyuma, na upepo ukigeuka hakuna ndege. Msimu ukipamba moto ndege nyingi haziondoki hata Kathmandu. Unaamshwa usiku, unasafirishwa kwa gari saa 4 au 5 hadi Ramechhap, ndipo unaruka. Meneja wangu aliziona zile siku mbili kwenye fomu akauliza ni za nini. Nilimwonyesha video ya ndege ikitua Lukla. Akasaini. Oktoba yenyewe si ahadi: mwaka 2014, katikati ya msimu mzuri, theluji kubwa iliwaua zaidi ya watu 40 upande wa Annapurna, wakiwemo waongozaji na wapagazi. Siku za akiba ni za kukaa ndani pia.

Juzi tumepima mizigo. Sakafuni sebuleni kwangu, mizani ya bafuni katikati, kaka kwenye video kutoka Marangu akiwa amevaa kofia yake ya kazi kana kwamba yuko getini. Lengo ni kilo 10 kila mmoja kwenye begi la mpagazi, ili naye abaki na nafasi ya vitu vyake. Langu lilikuja 9 na nusu, na bado alinitoa shampuu. La mwenzangu lilisoma 16. Kaka akaomba lifunguliwe. Mimi nikawa natafsiri kwa Kiswidi.

Kitu kimoja kimoja kilipita mbele ya kamera. Suruali ya tatu, toa. Taulo kubwa, toa. Chupa ya pili ya krimu, toa. Birika la kahawa la alumini na gramu 900 za kahawa ya kusaga: hapo mama wa Norrland alisimama imara, akasema bila kahawa yake hafiki hata Namche, na kwamba amekwenda nalo kila mlima tangu ujana wake. Kaka akatazama birika kwa muda, kama anavyowatazama wageni.

"Mwambie alibebe mwenyewe siku ya kwanza," akasema. "Jioni tutaongea."